Ukimtoa mwalimu, hadithi inabaki na nani?

"Dada, hadithi yako nimeimaliza. Ukimtoa yule mwalimu, inabaki na nani?" Ndivyo alivyoniandikia msomaji mmoja wiki iliyopita, nikalala na hasira. Hadithi hiyo imenila miezi minane! Ni ya kibarua wa mkonge anayebakwa na nyapara. Analia kurasa 12, halafu anatokea mwalimu kijana, anamchukua, basi. Jarida moja lilishaikataa bila kunipa sababu (sijasahau).

Hasira ilipopoa nikamrudia Mahasweta Devi, mwandishi wa Kibengali aliyezaliwa Dhaka mwaka 1926. Nilimsoma chuoni katika tafsiri ya Kiingereza ya Gayatri Spivak, nikafaulu mtihani, nikamsahau. Someni hadithi yake "Draupadi". Ni fupi. Dopdi, mhusika mkuu, ni Msantal, mmoja wa wenyeji wa asili wa India, anasakwa na jeshi msituni kwa sababu ya uasi wa wakulima uliowaka Naxalbari, kijiji cha Bengal Magharibi, mwaka 1967. Mumewe, Dulna, wameshamuua. Jina la Dopdi ni lile la Draupadi, malkia wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, yule ambaye maadui walipomvua sari barazani, mungu Krishna aliifanya isiishe. Dopdi hana Krishna. Wanamkamata, wanambaka usiku kucha. Asubuhi anaitwa kwa mkuu wao, Senanayak. Maji anayamwaga, nguo anairarua kwa meno, anamwendea uchi na majeraha yake, anacheka. Anamwambia hapa haoni mwanamume wa kumwonea haya. Na yule mkubwa, mbele ya mwanamke asiye na silaha, anaingiwa na hofu.

Nikafunga kitabu. Kibarua wangu hata kicheko nilimnyima.

Ushauri wangu kwenu mnaowaandika wanawake wanyonge: mfukuzeni mwokozi. Akirudi amevaa joho la mchungaji au koti la daktari, mfukuzeni tena.

Sisemi kila mwanamke ashinde. Jashoda wa "Stanadayini", hadithi nyingine ya Mahasweta, hashindi. Gari la nyumba ya kitajiri linamlemaza mumewe, naye anaajiriwa humohumo kunyonyesha watoto wao. Titi ndilo linalolisha familia yake, na saratani ya titi ndiyo inayomuua, bila hata mmoja wa aliowanyonyesha kuwa kando yake. Hapo hakuna kurasa za machozi. Kuna hesabu ya nani alikula maziwa ya nani, na hesabu hiyo inauma kuliko kilio changu chote.

Tena Mahasweta aliwafuata watu hao waliko, Palamau na kwa Wasabar, wenyeji wa asili wa Purulia, mashariki mwa India, na jarida lake la Bortika akawaachia vibarua na wakulima waandike wenyewe. Mimi mkonge niliutazama kupitia dirisha la basi la Tanga! Ndugu zangu, tuache uvivu. Huwezi kumwandika mtu ambaye hujui hata analipwaje. Nendeni mkakae nao, mnyamaze, msikilize.

Yule msomaji nimemjibu leo asubuhi. Sikumshukuru. Nilimwambia tu kwamba mwalimu nimemfuta, na kibarua na nyapara wamebaki wawili ukurasa wa 13.