Riwaya Iliyokataa Kunifungukia

Nilipoanza kuisoma Nagona, riwaya ya mwandishi wa Kitanzania Euphrase Kezilahabi, nilijiamini kupita kiasi. Nilikwisha kusoma Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo za mwandishi huyohuyo, ambazo zina wahusika wenye majina na matukio yanayofuatana, na kitabu hiki cha mwaka 1990 kilikuwa chembamba kiasi kwamba nilidhani jioni moja ingetosha. Jioni moja ilitosha kweli kufika ukurasa wa mwisho, ila sikuweza kusema msimulizi ni nani, yuko wapi, wala kama yu hai.

Kosa langu lilikuwa kuichukulia riwaya tata kama kitendawili chenye jibu moja. Nilipokutana na paa anayetafutwa, niliandika pembeni kwamba paa ni ukweli. Nilipofika kwenye Ngoma Kuu, niliandika ukombozi. Na chochote kilichokataa kuingia katika hesabu hiyo nilikiruka. Baadaye nikazua nadharia kwamba yote yale ni ndoto tu. Nadharia hiyo ilinifurahisha kwa siku mbili hivi, hadi nilipotambua kwamba ilieleza kila ukurasa kwa urahisi uleule, na kwa hiyo haikueleza hata mmoja: ikiwa ni ndoto, tukio lolote lingeweza kuondolewa na jingine likawekwa mahali pake bila hasara.

Kilichonisaidia kilikuwa daftari nililoligawa pande mbili. Upande wa kushoto niliandika yale ambayo matini inayasema waziwazi, pamoja na namba ya ukurasa, na upande wa kulia yale ninayoyasema mimi. Niliona haya kidogo kugundua kwamba upande wangu ulikuwa umejaa kuliko ule wa kitabu. Ndipo nikarudi mwanzo na kufuatilia vitu vinavyojirudia, kwa sababu riwaya isiyofuata mfululizo wa wakati haina budi kushikiliwa na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni marudio ya taswira, maneno au mahali. Badala ya kuuliza taswira fulani inamaanisha nini, jiulize imebadilikaje tangu ulipoiona mara ya mwisho, nani yupo safari hii na nani hayupo. Maswali hayo yanajibika kwa kufungua kurasa, na majibu yake huanza kukujengea njia.

Ukishapata tafsiri moja, itafutie mpinzani. Rafiki yangu aliiona Nagona kuwa safari ya mtu anayesaka maarifa, ilhali mimi niliiona kuwa kilio juu ya jamii iliyopoteza maneno yake. Hatukukubaliana, lakini kila mmoja alilazimika kumwonyesha mwenzake sentensi alizozitegemea, na mimi niliziacha hoja zangu mbili palepale kwa kukosa sentensi.

Maandishi ya wahakiki yaahirishe hadi usomaji wa pili. Mimi nilianza nayo, nikajikuta natafuta kitabuni walichokiona wao. Habari za mwandishi ni jambo tofauti, ilimradi usizigeuze kuwa ufunguo. Tasnifu ya uzamivu ya Kezilahabi, aliyoikamilisha Marekani mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kulijua hilo hakukunipa maana ya riwaya, bali kuliniondolea shaka kwamba utata ule ulikuwa wa mwandishi aliyeshindwa kupanga kazi yake. Wapo walioshindwa, na sioni ubaya kukiacha kitabu ambacho hata sentensi zake, zikichukuliwa mojamoja, zimeandikwa ovyo.

Sasa ninasoma Mzingile, riwaya ya Kezilahabi iliyofuata mwaka 1991. Daftari nililigawa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na hadi leo upande wa kulia una mistari mitatu tu, miwili kati yake nimeikata.