Chanjo ya watoto wa mbwa: je, nichome sindano mwenyewe?

SWALI: Mbwa wangu jike amezaa watoto watano, ambao sasa wana umri wa wiki tano. Uzao uliotangulia ulikufa wote kwa kutapika na kuhara damu. Jirani yangu, ambaye huwachanja kuku wake mwenyewe, ananishauri ninunue chanjo Mwanza mjini, nivuke nayo kwa meli, kisha nimchome kila mmoja nusu dozi kwa sababu bado ni wadogo. Je, ushauri huu ni sahihi?
Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Jirani yako amepatia kwa sehemu tu. Kumchoma mbwa chini ya ngozi, pale nyuma ya shingo panapokunjika, si kazi ngumu kwa mtu aliyeelekezwa vizuri na afisa mifugo. Ugumu uko katika mambo mawili, yaani ubaridi na tarehe, na likikosewa mojawapo chanjo huwa maji matupu, hata ikiwa aliyeichoma ni daktari.

Nusu dozi haifai kabisa. Chanjo haipimwi kwa kilo kama dawa ya minyoo. Kila chupa ina kiasi cha virusi vilivyodhoofishwa ambacho ndicho kinachoweza kuuamsha mwili ujitengenezee kinga, awe ni mbwa mkubwa wa ulinzi au mtoto anayebebwa kwa kiganja. Watoto watano watahitaji chupa tano na mabomba matano mapya ya sindano, kwa sababu bomba lililooshwa kwa dawa ya kuua vijidudu huweza kuiua hata chanjo yenyewe.

Kuhusu tarehe, watoto wa mbwa hupata kinga ya mama yao kupitia dang'a, yale maziwa ya siku za mwanzo, na kinga hiyo, pamoja na wema wake, huidhoofisha chanjo inayoingia mapema. Nayo hupungua kwa kasi tofauti hata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna awezaye kujua kwa kuangalia tu ni yupi aliye tayari. Ndiyo maana sindano hurudiwa: anza wakifikisha wiki 8, rudia wiki ya 12 na ya 16, kisha mara moja tena wakifikisha mwaka. Wengi huchoma ile ya kwanza wakaridhika, na hao ndio wanaokuja kulalamika kwamba waliuziwa chanjo bandia. Wewe una wiki tatu za kujiandaa; zitumie kuwapa dawa ya minyoo, kwa kuwa safura nayo huwaharisha damu, na siku ya chanjo usimchome mtoto anayeumwa.

Ubaridi unaotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kuanzia dukani hadi kwenye sindano. Muulize muuzaji jokofu lake huwaje umeme unapokatika, hata kama swali hilo halitampendeza. Kwa safari ya majini tumia chupa ya chai yenye barafu, na uzifunge chanjo kwa kitambaa zisigusane na barafu, maana baadhi yake huharibika kabisa zikiganda. Ukishachanganya unga na maji yake, choma ndani ya nusu saa.

Hata hivyo, mimi ningemwita afisa mifugo. Mara chache mbwa huvimba uso, hutapika au huanguka muda mfupi baada ya sindano, na hapo huhitaji adrenalini, dawa ya dharura ambayo wewe huna nyumbani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iache kabisa mikononi mwa mtaalamu. Hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, naye mama yao asisahauliwe. Siku mbwa wako atakapomng'ata mtoto wa watu, kadi iliyosainiwa ndiyo itakayoulizwa, na aliyeng'atwa ni lazima aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali.

Chanjo ya mchanganyiko, yaani ile ya wiki ya 8, 12 na 16 inayokinga magonjwa kadhaa kwa pamoja, huzuia pia distempa, ugonjwa hatari wa virusi, na ugonjwa huo hauishii uani kwako: mwaka 1994 uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuwa chanzo.

Lakini dalili ulizozitaja zinaelekea zaidi kwenye pavo, ugonjwa wa virusi wa tumbo ambao chanjo hiyo huuzuia pia, na virusi vyake huweza kukaa udongoni mwaka mzima. Sakafu ya saruji na vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki, kikombe kimoja katika vikombe 30 vya maji. Udongo hausafishiki kwa njia hiyo. Kwa hiyo walee barazani, mbali na pale walipofia wenzao, na usiwaruhusu kushuka uani hadi wiki mbili zipite baada ya sindano ya wiki ya 16.