Mkorea na 'put off'

SWALI: Namfundisha Kiingereza Mkorea hapa Seoul. 'Postpone' (kuahirisha) anaijua, 'put off' yenye maana hiyohiyo anaikwepa. Akijaribu husema 'put off it'. Nifanyeje?

JIBU: Kikorea huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na kiambishi cha mahali hung'ang'ania nomino: 'hakgyo-e', yaani shuleni. Kineno kama 'off' kinachoelea baada ya kitenzi ni kigeni kabisa kwake. Achana na orodha ndefu za 'put' na vineno vyake, zinachosha bure. Mpe sentensi nzima, kwanza na nomino, 'put off the meeting', kisha 'put it off': kiwakilishi katikati, mkazo kwenye 'off'. 'Look after it' isubiri wiki nyingine, maana haitenganishwi: 'it' haiingii katikati. Sikiliza pia matamshi: Kikorea hakina f, hivyo 'off' hugeuka 'opu'.