Madumu ya petroli hayatakuokoa

Mtu akisikia mafuta yataadimika, haraka yake ya kwanza ni kujaza madumu. Acha. Petroli ikikaa miezi mitatu hadi sita huanza kuchacha: sehemu nyepesi hugeuka mvuke, inayobaki hufanya utomvu unaoziba jeti (vitundu vya kupitisha mafuta) za kabureta, na jenereta hugoma usiku ule ule unaoihitaji. Dizeli huvumilia zaidi, ila maji yakituama chini ya dumu huzaa vijidudu, na ute wao huziba chujio. Hapo hatujagusa hatari ya moto.

Usipange pia kwa tarehe ambayo mafuta yanatabiriwa kuisha. Mwaka 1956 mwanajiolojia Mmarekani M. King Hubbert alikadiria uzalishaji wa mafuta wa Marekani ungefika kilele karibu 1970, na ikawa hivyo. Kisha mafuta yanayotolewa kwa kupasua miamba yakaiwezesha Marekani kuipita rekodi hiyo mwaka 2018. Linalotuhusu zaidi ni la 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao: hayakuisha ardhini, lakini bei ilipanda karibu mara nne kwa miezi michache tu.

Kwa hiyo punguza lita unazotegemea. Kwa siku 30 andika kila lita na kazi iliyofanya, gesi ya mtungi ikiwemo. Kando yake andika kitakachosimama ikikosekana wiki mbili. Mara nyingi gari si tatizo kubwa. Tatizo ni pampu ya maji inayotumia dizeli.

Jikoni ndiko rahisi kuanzia. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 15. Yachemke kwelikweli, maana maharage mekundu yana sumu isiyokufa kwa moto mdogo. Funika, epua, tia sufuria ndani ya kikapu au boksi lenye nyasi kavu au matambara, unene wa sentimita 10 kila upande, chini na juu pia. Yaache humo kwa muda wa saa nne, kisha yachemshe tena kabla ya kula. Yakitoka magumu, sababu ni moja kati ya tatu: sufuria ilikuwa nusu tupu, chini hukuweka kitu, au mtu alifunua kuchungulia. (Daima yupo wa kuchungulia.)

Umeme wa jua unahitaji hesabu kabla ya fundi. Betri ya risasi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, hubeba wati-saa 1,200, lakini ukivuka nusu mara kwa mara unaiua mapema. Kwa hiyo una 600 za kutumia. Taa nne za wati 5 kwa saa tano hula 100 tu. Pasi ya wati 1,000 humaliza zote kwa dakika 36. Chochote kinachozalisha joto kitoe kwenye orodha ya betri.

Safari fupi zipe baiskeli, na ununue mapema vitu vinavyolika: mnyororo, tyubu mbili, pedi za breki. Mnyororo uliolegea usichelewe kuubadilisha. Ukiuacha utatafuna meno ya gia, na hizo ni ghali kuliko mnyororo wenyewe.