Merikebu, Ngome na Watu Wake: Majibu kwa Wajenzi wa Matofali

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya merikebu za matanga na mandhari za enzi za ukoloni zinazojengwa kwa matofali ya plastiki, yale ya LEGO na yanayofanana nayo. Nimechagua sita.

Nataka kujenga jahazi la kuweka juu ya kabati, na mabaharia wake wawe ndani. Nitajuaje urefu unaofaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Anza na mtu, jahazi lifuate. Yule mwanasesere mdogo wa LEGO aliyetoka mwaka 1978 ana kimo cha sentimita 4 hivi. Mtu mzima tumpe mita 1.7. Ukigawanya unapata kama 42, kwa hiyo kila kipimo cha kweli kigawe kwa 42. Jahazi la mita 20 litakuwa na sentimita 48 hivi. Vinundu vya juu ya matofali vimepishana kwa milimita 8, basi hiyo ni safu ya vinundu 60, na kabatini inakaa vizuri.

Merikebu kubwa za Ulaya ndizo zinazowashinda watu. HMS Victory, manowari ya Nelson, admirali wa Uingereza, katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ina sitaha ya mizinga ya mita 57 hivi. Kwa kipimo chetu hiyo ni mita 1 na sentimita 35, na bado hujaweka mlingoti wa kulala unaochomoza omoni, yaani mbele. Ndiyo maana merikebu za kwenye maboksi hufupishwa sana. Na wewe fupisha, hakuna ubaya. Ila usiguse milango, ngazi, wala nafasi kati ya sitaha na sitaha. Mtu akishindwa kusimama wima ndani, jicho linakataa hata kama mwenyewe hujui kwa nini.

Ubavu wa merikebu yangu unatoka kama boksi la viatu. Wenzangu wanaupataje ule mviringo? (Msomaji, Nakuru)

Kuna hesabu moja ukishaishika hutaiacha. Kipande chembamba kina unene wa milimita 3.2, na vitatu vikipandana ni sawa na tofali moja. Sasa pandanisha vitano: unapata milimita 16, sawasawa kabisa na upana wa vinundu viwili. Maana yake ukuta unaweza kuulaza kwa ubavu, vinundu vikatazama baharini, na bado ukaingia mahali pake bila kubaki pengo.

Fundi wa mtepe, lile jahazi la kale la mbao zilizoshonwa kwa kamba, alishona mbao kwanza, mataruma (miti ya ndani inayoshika mbao) akayatia baadaye. Kwa matofali fanya kinyume. Weka mkuku, yaani uti wa chini wa merikebu, simamisha mataruma kila baada ya vinundu vinane, halafu jenga mbavu vipande vipande mezani na uzining'inize kwenye mataruma kwa bawaba. Kila kipande kishike mahali patatu, si pawili. Merikebu yangu ya kwanza niliishikiza ncha mbili tu. Usiku nikasikia kishindo, na asubuhi ubavu wa kushoto nikauokota mpaka chini ya friji.

Na uzito uweke chini. Vasa, manowari ya Sweden, ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 ikiwa imekwenda kama mita 1,300 tu tangu ing'oe nanga, kwa sababu juu ilikuwa nzito na chini haikuwa na shehena ya kutosha kuituliza. Mapambo ya tezi, yaani nyuma ya merikebu, yanavutia mkono. Unaongeza moja, unaongeza jingine, halafu siku unapoinyanyua inakulalia. Jaza mkukuni matofali yasiyo na kazi, ya rangi yoyote. Hayaonekani.

Matanga ya karatasi yanachanika, ya plastiki yanang'aa. Nitumie nini? (Msomaji, Tanga)

Marekani. Kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kichemshe kwenye chai ya rangi, kikaushe, kikate, kisha kipake gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Kilaze juu ya bakuli lililofunikwa nailoni mpaka asubuhi, na tanga litaamka limejaa upepo.

Kwa mtepe hiyo haifai, kwa sababu tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Nilijaribu kukata kipande cha ukili. Karibu na mwanasesere wa sentimita 4 kila jicho la msuko lilikuwa kubwa kama kichwa chake. Ikabidi nipasue miyaa kwa ncha ya sindano, kila uzi upana wa njiti ya kiberiti iliyogawanywa mara mbili, na nisuke upya. Siku nne kwa tanga moja. Lakini mwanga wa dirishani ukipita katikati ya ule msuko, unaliona jahazi lenyewe.

Babu zetu walisimulia Sultana, jahazi la Seyyid Said lililokwenda Marekani. Nataka kulijenga na tanga moja kubwa la pembe tatu. (Msomaji, Muscat)

Ndugu yangu, tanga hilo liache. Sultana ilijengwa Bombay mwaka 1833, na ilikuwa merikebu ya milingoti mitatu yenye foromali, zile boriti za kutundikia matanga, za kukingama kama za Wazungu. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe wa Seyyid akiwa Ahmad bin Na'aman, na mafundi wa manowari wa huko wakaitengeneza kabla ya safari ya kurudi. Bwana huyo alichorwa picha akiwa New York, kwa hiyo una sura ya mtu wa kumweka tezini. Mpe kilemba na ndevu.

Mimi ni mwalimu, na klabu yetu ya historia inataka kujenga Fort Jesus. Tumechangiwa maboksi ya askari na maharamia, lakini watu wote ni njano na wa kwetu hayumo. Tufanyeje? (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu, umegusa jambo linaloniuma. Maboksi ya maharamia yalianza mwaka 1989 na askari wa makoti ya buluu, na wa makoti mekundu wakafuata mwaka 1992. Watu wa visiwani walikuja mwaka 1994, na walipokuja walichorwa nyuso za kutisha. Ile njano ilikusudiwa isiwe rangi ya mtu yeyote. Rangi halisi za ngozi zilianza mwaka 2003. Leo vichwa na mikono ya kahawia unaweza kununua kimoja kimoja kwenye BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO. Nunueni hivyo kwanza, kabla ya mzinga hata mmoja. Kwa kanzu, kile kipande cha mteremko kinachouzwa kama gauni, kikiwa cheupe, kinatosha.

Kisha chagueni mwaka. Ngome ilijengwa na Wareno 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, lakini yaliyopita humo ni mengi, na kila mwaka una watu wake. Mimi ningechukua 1697. Waomani walikuwa wameizingira tangu Machi 1696. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ikazama mwaka 1697 chini ya kuta zenyewe. Wazamiaji walianza kuichimbua mwaka 1977, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome, kwa hiyo wapelekeni wanafunzi na daftari. Ndani, maradhi yaliwamaliza Wareno mpaka ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wengine, wanaume kwa wanawake. Ngome ilianguka Desemba 1698. Ukipanga Wareno peke yao juu ya ukuta huo, umeijenga ngome nyingine.

Wanawake msiwavalishe leso za maua, hizo ni za karne ya 19. Na kuta zisiwe za kijivu. Hilo ni jiwe la matumbawe, tumieni rangi ya mchanga, mchanganye nyepesi na nzito.

Mwanangu ana miaka tisa na anapenda mambo ya zamani ya Unguja, lakini tuna matofali kama mia mbili tu. Tena anauliza kama aweke watumwa jahazini. (Mama, Zanzibar)

Dada, la watumwa usimkataze, wala usimwache peke yake nalo. Mpeleke Mkunazini, lilipokuwa soko lililofungwa mwaka 1873, akaone kanisa kuu lililojengwa pale pale. Akirudi muulize anataka kujenga nini. Kama ni watu, kila mmoja awe na uso wake na jina alilompa yeye. Wasijazwe kama magunia.

Kwa matofali mia mbili, mwambie ajenge Glasgow ikiwa imeshazama. Hiyo ilikuwa merikebu ya Sultan Barghash, ya matanga na mvuke. Waingereza waliizamisha bandarini tarehe 27 Agosti 1896, siku ya ile vita iliyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Maji pale ni machache, milingoti ikabaki imesimama juu ya bahari. Hahitaji mkuku wala mbavu: bamba moja, vigae vya buluu, milingoti mitatu iliyoinama kidogo, na uzi mweusi wa kushonea kwa kamba. Akitaka kuweka Beit el Ajaib nyuma yake, ule mnara wa saa uliokuwa mbele ya jumba mpaka ulipoporomoka mwaka 2020 asiuweke. Uliongezwa baada ya mizinga ile.