Bei ya pampu ambayo haijafunguliwa

SWALI: Ndugu mshauri, karakana yetu Marekani hukarabati pampu za haidroliki za ndege. Zabuni ya serikali inataka bei ya ukarabati kamili, na pampu zenyewe hatujaziona. Tutaje bei gani?

JIBU: Someni kwanza kama zabuni inaruhusu kutenganisha bei ya kufungua na kukagua, bei ya kazi ya kawaida kama kubadilisha sili (vizuia uvujaji) na beringi, na kazi ya ziada. Ikiwa haisemi lolote kuhusu hilo, ulizeni kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Nimefanya kazi kwenye meza ya ukaguzi miaka mingi: pampu inayong'aa kwa nje hufunguliwa, ukakuta pistoni zimechubuka na gamba lake la nje lina ufa.

Hapo ndipo karakana nyingi huumia. Fundi wa kikosi chenye ndege hizo anapiga simu, "Badilisheni tu," nanyi mnabadilisha. Msiguse! Mwenye mamlaka ya kubadili mkataba ni afisa mkataba wa serikali, na idhini yake muipate kwa maandishi. Pigeni picha ufa ule, andikeni namba ya kifaa, mpelekeeni.

Na kwa kuwa mnaomba zabuni ya serikali: usajili wa SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaotaka mikataba yake, ni bure. Anayewadai ada si serikali.