Kabla hujavuka bahari: kufuatilia ukoo wa Massachusetts ya karne ya 17

Anayefuatilia ukoo wa wakoloni wa mwanzo wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, huwa na haraka ya kufika Uingereza. Akiona jina la babu kwenye daftari la parokia ya huko, anafunga kazi. Nasaba nyingi huharibikia hapo. Panda kizazi kimoja kimoja, na usihame kizazi kabla hujapata hati inayomuunganisha mtoto na mzazi wake.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Hadi 1752, kwa Waingereza na makoloni yao, mwaka ulianza 25 Machi. Tuseme daftari la mji linaonyesha ndoa ya 12 Aprili 1664, na mtoto wa kwanza kuzaliwa 20 Januari 1664. Mwenye pupa atasema mtoto alitangulia ndoa, kisha amtungie baba mke mwingine ambaye hakuwahi kuwepo. Kumbe Januari hiyo ilifuata baada ya Aprili: kwa hesabu yetu ni 1665, miezi tisa na siku chache tangu ndoa. Iandike 20 Januari 1664/65 ili atakayesoma baada yako asibabaike. Tena Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza walioanzisha koloni hilo, walipenda kuipa miezi namba badala ya majina: wa 1 ni Machi, wa 11 ni Januari, wa 12 ni Februari. Sisi tuliozoea kuita Novemba mwezi wa kumi na moja tunajikwaa hapa kirahisi kabisa.

Ukifika kwenye wosia, soma maneno ya undugu kwa maana ya wakati ule. Anayeitwa mkwe anaweza kuwa mtoto wa kambo, na anayeitwa binamu mara nyingi ni mpwa. Senior na Junior si lazima wawe baba na mwana. Huenda walikuwa tu watu wawili wa jina moja mjini, mmoja amemzidi mwenzake umri. Mkubwa akifa, Junior wa jana anaweza kuandikwa Senior kesho, nawe ukadhani ni mtu yuleyule.

Mtoto asiyetajwa kwenye wosia usimfute. Huenda alipewa shamba lake baba akiwa hai, na hati ya kumpa iko kwenye madaftari ya ardhi. Pale ambapo hakuna wosia, mgawo wenyewe unazungumza: mjane alipata theluthi, na mwana wa kwanza mafungu mawili. Ukikuta mali ya watoto imegawanywa mafungu saba na mmoja kachukua mawili, tafuta watoto sita.

Kwa mabinti, hati za ardhi hazina mfano. Warithi wanapouza shamba la marehemu, kila binti hutajwa pamoja na mumewe, na hapo ndipo unapopata jina lake la ndoa ambalo daftari la kanisa halikuliandika. Pitia fahirisi ya wauzaji na ya wanunuzi, zote mbili, hata miaka 20 au 30 baada ya kifo, kwa sababu familia zilikawia kuuza.

Hati hizi zilitunzwa kwa kaunti, kwa hiyo hakikisha pia uko kwenye kaunti sahihi. Kaunti nne za kwanza ziliundwa 1643: Suffolk, Middlesex, Essex na Norfolk. Hiyo Norfolk ya zamani ilikufa, na miji yake ya Salisbury na Haverhill ikaingia Essex. Norfolk ya leo, iliyoundwa 1793, ni nyingine kabisa.

Sasa vuka bahari. Jina na umri kulingana havitoshi. Tafuta kitu kinachogusa pande zote mbili, kama wosia wa ndugu aliyebaki Uingereza akimwachia urithi mtu "aliyeko New England", eneo la makoloni lililojumuisha Massachusetts. Na ukishapata ubatizo unaofanana, usiufunge ukurasa. Endelea na maziko ya parokia hiyohiyo kwa miaka inayofuata, maana watoto wengi walikufa wachanga, na huyo unayemwita babu wa ukoo huenda alizikwa hapohapo kabla hajatimiza mwaka.